Noti Zilizotiwa Wanga

Bibi yangu Winifrida ana sentensi moja ambayo humwambia kila mgeni, hata asipoulizwa: "Mimi nilifanya kazi benki." Huisema kanisani, huisema kwa daktari, na siku moja alimwambia dereva wa basi ambaye Kiswahili hajui hata salamu. Akishaisema hunyamaza. Ukimuuliza benki gani, anasema, "Ya mjini kwetu." Ukimuuliza kazi gani, anachukua kitambaa na kuanza kufuta meza ambayo ni safi.

Nyumbani kwetu Kilburn, huku Ulaya, maneno hayo yalikuwa mzaha. Shangazi Jennifer, binti yake, ni nesi. Akirudi kutoka shifti anavua viatu mlangoni na kusema, "Haya mtu wa benki, nikopeshe basi." Binamu yangu Linus, ambaye kazaliwa hapahapa na kila unachomwambia anakujibu kwa Kiingereza, alimpa Bibi jina la Meneja. Bibi alikuwa anacheka nao. Lakini mimi ninalala naye chumba kimoja, na nilikuwa naona kwamba akishacheka anaitazama mikono yake.

Sababu ya kutomwamini ilikuwepo. Bibi haandiki zaidi ya jina lake. Mama yake alikuwa dobi, anawafulia watu wa reli. Benki gani ingemwajiri mtoto wa dobi, tena enzi za Mwingereza? Shangazi alisema labda alifagia. Hata mimi niliamini kwamba alifagia, na sikuona aibu yoyote, maana mimi mwenyewe shule niliishia darasa la sita, na kufagia ni kazi. Nilichoshangaa ni mtu kushikilia jambo dogo hivyo kwa miaka mingi hivyo.

Mwaka tisini na tano ndipo nilipojua.

Mama mmoja wa kanisani alituambia kwamba kule Kenton kuna Mhindi wa Tanzania anauza muhogo usiopakwa nta, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Jumamosi tukapanda basi, tukashuka, tukaliona duka. Nje kuna makasha ya mabamia na ndizi za kupika, ndani kuna magunia ya mchele yaliyopangwa mpaka dirishani. Bibi akaenda moja kwa moja kwenye muhogo. Alikuwa anavunja ncha ya kila mmoja aone weupe wake, na mwenye duka anamwangalia kwa jicho la "ukivunja umenunua".

Bibi akainua kichwa aulize bei. Muhogo ukamponyoka ukaanguka sakafuni.

Nyuma ya kaunta, kati ya kalenda na picha ya mungu wao mwenye kichwa cha tembo, kulikuwa na fremu ndogo ya kioo. Ndani yake kuna karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, kubwa kiasi cha mkono uliofunguliwa. Katikati ya karatasi kumechorwa tangi la maji limesimama juu ya miguu minne.

"Lile tangi," Bibi akasema.

Mwenye duka, mtu wa kama miaka hamsini na saba, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, akageuka kuangalia alichoonyeshwa. "Unalijua tangi hilo, mama?"

"Tangi la reli la Kilimbanga. Mguu mmoja ulikuwa umeoza, wakauegemeza gogo."

"Kwenye picha hakuna gogo."

"Gurmit hakulitia. Alisema yeye anachonga tangi, hachongi aibu ya reli."

Yule bwana akavaa miwani yake, akaivua tena. Mkewe, Bibi Daksha, alikuwa amesimama mlango wa nyuma na kikombe cha chai, akakiweka chini juu ya gunia.

"Wewe ni nani, mama?" akauliza yule bwana polepole.

"Mimi mtoto wa dobi. Na wewe kama ni Kishor, basi nakujua. Ulikuwa unakaa uchi kwenye kizingiti cha baba yako unakula chaki."

Bibi Daksha akacheka mpaka akashika mlango. "Chaki! Miaka thelathini ananiambia alikuwa mtoto mwenye adabu!"

"Nilifanya kazi benki," Bibi akasema.

Nikangoja acheke mtu. Hakuna aliyecheka. Bwana Kishor akazunguka kaunta, akaokota ule muhogo, akaufuta kwa shati lake, akasema kwa sauti ndogo, "Benki ya baba."

Nilihisi kama mtu aliyekuwa akisikia habari za mlima maisha yake yote akidhani ni hadithi, halafu ukungu ukaondoka na mlima upo.

Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki, tukapewa chai yenye tangawizi. Bwana Kishor akatueleza. Ile karatasi ni noti ya shilingi moja ya benki ya marehemu baba yake, Bwana Jamnadas, na hajui kama ipo nyingine duniani. Hiyo imebaki kwa sababu mama yake aliiweka kwenye kopo la kafuri, dawa ya kufukuza wadudu, pamoja na vitu vya ibada. Alhamisi inayofuata atakuja Mzungu anayeitwa Douglas kutoka kwenye jumba moja la makumbusho ya fedha. Wanataka kuonyesha pesa ndogondogo za wakati wa vita, zile ambazo serikali haikuzichapa. Wakiikubali, noti itawekwa kwenye kioo, na habari za benki zitaandikwa pembeni yake.

"Na wakiikataa?" Bibi akauliza.

"Wakiikataa, basi. Hakuna kitabu chenye habari zetu, mama. Hakuna barua, hakuna picha. Tumebaki mimi na dada yangu Lila aliyeko Leicester. Tukifa sisi, benki ya baba haikuwahi kuwepo."

Bibi akaweka kikombe. "Naomba niwepo hiyo Alhamisi."

"Uwepo, mama. Utakuwa shahidi wangu."

Kwenye basi tulikaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, pale ambapo unaona barabara yote inakujia. Bibi hakuwa anaona barabara. Alisema, "Ikikataliwa ile, na mimi pia sikuwahi kuwepo." Kisha, bila mimi kumuuliza, akaanza kunisimulia.

Kilimbanga ulikuwa mji mdogo wa reli, wenye stesheni, kisima na maduka sita. Bwana Jamnadas aliuza vitambaa. Kwa kuwa alikuwa na sanduku la chuma, watu wakawa wanamwekea pesa zao, na kwa kuwa wanamwekea akapata fundi wa kumwandikia juu ya mlango neno BENKI. Ikawa benki. Halafu vikaja vita vya Hitler, na senti zikapotea. Meli hazikuleta mpya, na zilizokuwepo watu walizifukia. Zile za senti kumi zenye tundu, mafundi walizifunga kwenye boliti kama washa za chuma. Mshahara wa reli unakuja kwa noti kubwa, na wewe unataka chumvi ya senti kumi, na mji mzima hauna chenji. Watu wana pesa na wanakula chakula kisicho na chumvi.

"Ndipo Bwana Jamnadas akasema atatengeneza pesa," Bibi akasema.

"Inaruhusiwa?"

"Nani wa kukataza? Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa wilaya, mpishi wake alikuwa hapati chumvi. Aligeuka akaangalia upande wa pili."

Gurmit, seremala wa reli, Kalasinga mwenye ndevu mpaka kifuani, alichonga kibao cha mpingo cha kuchapia kwa wiki tano. Alichora tangi kwa sababu mji haukuwa na kitu kingine kirefu. Mashine waliyotumia ilikuwa ile ya ofisini ya kukandamizia nakala za barua, yenye usukani juu. Bwana Jamnadas alizungusha usukani mwenyewe, akatia saini mwenyewe kila moja, noti mia tatu za kwanza. Juu yake kumeandikwa kwamba mwenye karatasi hii atalipwa shilingi moja ya Serikali siku yoyote duka likiwa wazi.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Bibi akasema. "Nilimwona mama mmoja anatoa kuku, kuku mzima, jike, anayetaga, anapewa karatasi. Nikasema moyoni, huyu mama kaibiwa. Akaenda nayo duka la tatu, akatoa ile karatasi, akapewa chumvi na khanga. Karatasi imeingia dukani ni karatasi, imetoka ni khanga! Nikamfuata yule mama mpaka kwake nione kama khanga itageuka tena."

"Ikageuka?"

"Aliivaa miaka minne."

Nilicheka. Nilikuwa na noti ya pauni tano ya nauli mfukoni. Nikaitoa nikaiangalia kana kwamba ni mara ya kwanza. Kweli, ni karatasi. Mtu mmoja mahali fulani ameahidi, na watu wengine wote wamekubali kumwamini.

"Halafu?" nikauliza.

"Mwanzoni watu hawakuzipenda. Zililegea. Zikishikwa na jasho mara mbili zinakuwa kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Walisema, pesa gani haina sauti?"

"Halafu?"

"Halafu zikapendwa."

"Kwa nini?"

Bibi akageukia dirisha. "Halafu zikaliwa. Mvua za mwaka uliofuata. Mende, panya, nyenje. Mtu anafungua chungu alichofichia, anakuta vipande. Mji mzima, nyumba kwa nyumba. Wakaja wamebeba vipande kwenye upande wa khanga. Bwana Jamnadas angeweza kusema, shauri yenu. Alikaa barazani akasema, kipande chochote chenye hata mguu mmoja wa tangi, nalipa shilingi nzima. Sanduku likaisha kabla mvua haijaisha. Akasimama mbele ya watu akasema, kosa ni langu, nilinunua karatasi rahisi. Akafuta neno BENKI kwa chokaa."

Tukashuka Kilburn. Na kazi aliyoifanya yeye hakuitaja.

Alhamisi Bibi alivaa gauni lake la Pasaka. Bwana Kishor alikuwa ameweka meza chumba cha nyuma, kati ya madebe ya mafuta, akaitandikia kitambaa cheupe. Bwana Douglas alikuwa mrefu, mwembamba, masikio mekundu kwa baridi, na alivaa glavu nyeupe za pamba kabla ya kugusa chochote. Alisema machache, na Bwana Kishor alimfasiria Bibi.

Aliitoa noti kwenye fremu. Aliitazama kwa lenzi, mbele na nyuma, dakika nyingi. Akaipandisha kwenye taa. Akatingisha kichwa kama mtu aliyefurahi. Kisha akatoa kalamu nene mkobani mwake.

"Anasema hii ni kalamu wanayotumia madukani kukagua noti," Bwana Kishor akafasiri. "Ina iodini. Noti ya kweli haina wanga ndani yake, kwa hiyo alama inabaki njano. Karatasi ya kawaida ina wanga, inageuka nyeusi. Atatia kitone tu, pembeni kabisa, na hakikai, kitapotea chenyewe."

Akatia kitone kama punje ya dengu.

Kikageuka cheusi.

Huko mbele ya duka friji ilikuwa inanguruma. Bwana Douglas akaikaribia tena kwa lenzi, uso umebadilika, akaanza kusema kwa upole, vile madaktari wanavyosema.

"Anasema anasikitika," Bwana Kishor akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Anasema labda mtu aliitengeneza baadaye, kwa ukumbusho. Anasema kinachomshangaza ni karatasi yenyewe. Ni karatasi nzuri, ya nyuzi za kitani, ya vitabu vya hesabu vya zamani. Karatasi ya namna hiyo haitiwi wanga." Akamgeukia Mzungu akamjibu kwa Kiingereza, kisha akatuambia, "Nimemwambia haiwezekani karatasi iwe nzuri. Baba mwenyewe alisema alinunua karatasi rahisi. Mama alimsimanga kwa hilo mpaka siku anakufa. Akimwambia, ulitaka kuokoa senti kumi, umeila benki. Sisi watoto wote tulijua, baba alikuwa bahili. Mimi niliachishwa shule kwa ubahili wake."

Bwana Douglas akaanza kuvua glavu.

Nilikuwa namwangalia Bibi. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja umeushika mwingine kama mtu anayemshika mtoto asikimbie. Halafu akasimama.

"Kishorbhai," akasema, akimwita kwa heshima ya kwao. "Mwambie asivue. Karatasi ilikuwa nzuri. Ilitoka Bombay kwa meli ya mwisho kabla ya vita. Ubaya ulikuwa uji wangu."

"Uji gani, mama?"

"Wanga. Wanga wa muhogo. Mama yangu alikuwa anatia wanga kola za stesheni masta. Nguo za stesheni masta zilikuwa zinasimama zenyewe. Nilikuwa nimeleta dukani nguo za baba yako, nikamkuta anahuzunika, noti zimerudi, watu hawazitaki, zimelegea. Nikamwambia, bwana, mbona usizitie wanga kama kola? Akanitazama. Akacheka sana. Akaniambia, wewe kesho njoo, umeajiriwa benki."

Bwana Kishor alikuwa anafasiri. Hapo akaacha kufasiri.

"Nilizitia moja moja. Zikakauka zikawa ngumu. Ukiitikisa sikioni inalia, kra, kra. Watu wakafurahi, pesa imepata sauti! Kilimbanga ukinunua kitu, mwenye duka anaitikisa noti sikioni kwanza ndipo anakupa. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile. Kisha mvua zikaja." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Mende hawali karatasi ya kitani. Walikula uji wangu, na karatasi ikaenda nao. Benki ya baba yako niliiua mimi. Nimenyamaza miaka hamsini na moja. Nilitaka watu wajue nilifanya kazi benki, nikaogopa wakijua kazi gani."

Bwana Douglas aliuliza kitu. Bibi Daksha ndiye aliyemjibu, maana mumewe alikuwa amekaa.

"Anasema ni maelezo mazuri," Bibi Daksha akatuambia, "lakini wanga ni wanga. Mtu yeyote anaweza kusema baada ya kuona nyeusi."

"Basi nitasema kabla ya kuona," Bibi akasema. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, kama sahani. "Noti niliilaza hapa. Kulia nilishika unyoya wa kuku, nikapaka mbele tu, upande wa tangi. Nyuma sikupaka. Lakini kiganja kilikuwa kimelowa uji. Kwa hiyo huo upande wa nyuma kutakuwa na mkono wangu. Mkono wa kushoto, gumba limeelekea kule iliko saini. Vidole vitatu tu. Kidole kidogo nilikuwa nakipandisha kushika ukingo, karatasi isiteleze."

Bwana Douglas aliposikia tafsiri, masikio yalizidi kuwa mekundu. Alisema ipo njia, kwa mvuke wa iodini, bila kuilowesha noti, na rangi huondoka baada ya muda. Lakini hawezi kuapa kwamba haitadhurika, nayo ni moja tu duniani.

Bwana Kishor akamtazama Bibi. "Mama, una uhakika?"

"Sina uhakika na kitu kingine chochote Ulaya hii. Hiki ninacho."

"Daksha," akasema Bwana Kishor, "kalete."

Bibi Daksha ni mfamasia, na duka lake la dawa liko mlango wa tatu. Akarudi na kichupa cha iodini, punje nyeusi zinazong'aa kama chuma kilichokerezwa. Wakaosha chupa kubwa ya achari ya maembe, wakaikausha. Punje nne zikawekwa chini. Noti ikaning'inizwa kwa uzi kutoka kwenye kifuniko, baada ya Bibi Daksha kuipulizia pumzi yake mbele na nyuma ipate unyevu kidogo. Chupa ikakalishwa kwenye bakuli la maji ya moto.

Punje zikaanza kutoa moshi. Moshi wa zambarau. Sijawahi kuona rangi ile ikitembea peke yake hewani. Ulipanda polepole ukijikunja, ukaigusa noti, ukaizunguka. Upande wa tangi ukaanza kuwa bluu, kisha bluu ya usiku, wote, ukingo hadi ukingo, na mistari myembamba ndani yake kama unyoya umepita.

"Geuza," Bwana Douglas akasema. Neno hilo nililielewa kwa Kiingereza chake.

Bibi Daksha akaizungusha chupa.

Nyuma kulikuwa na njano hafifu, tupu. Halafu katikati kukawa na kivuli. Kivuli kikawa doa. Doa likaota kidole, cha pili, cha tatu. Gumba likajitokeza likiwa limeelekea kwenye saini. Ikaonekana mistari ya kiganja, ule mrefu na ule unaoukata, midogomidogo, bluu, wazi kama umechorwa kwa wino. Mkono wa mtoto. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitatu ulikuwa umekaa nyuma ya ile karatasi, ukavuka bahari kwenye kopo la kafuri, ukaning'inia Kenton juu ya magunia ya mchele, na sisi tunanunua muhogo chini yake. Kidole kidogo hakikuwepo.

Nilimwangalia Bibi na nikashindwa kumtambua. Mwanamke huyu huninywesha uji nikiumwa, hunikemea nikiacha taa. Na mji mzima ulikuwa umebeba alama ya mkono wake mifukoni, ukaishikilia sikioni, ukanunulia chumvi, ukaolea, ukazikia, na hakuna hata mmoja aliyejua.

Bwana Douglas alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ili aone vizuri. Alipiga picha nyingi. Kisha akasimama, akamfuata Bibi, akamwomba jina lake kamili la kuandikwa pembeni ya noti, na herufi zake moja moja. Bibi akaliandika mwenyewe. Ndilo analoweza kuliandika.

Sasa alikuwa amebaki Bwana Kishor. Bibi akamgeukia, akasimama wima kama mtu anayengoja kiboko. "Nilaumu, baba. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Bwana Kishor alikuwa bado ameiangalia chupa. "Alijua?" akauliza. "Baba alijua ni wanga?"

"Alijua wa kwanza. Aliokota kipande akakinusa. Akaniambia, nenda nyumbani ukamsaidie mama yako, na usiseme na mtu. Akanikatia kitambaa cha gauni. Nikadhani ananifukuza."

"Na siku ileile akasimama barazani akasema ni karatasi rahisi."

"Ndiyo."

"Mji ulikuwa na hasira?"

"Walikuwa na mawe, Kishorbhai. Watu wamepoteza mpaka pesa ya mazishi. Kama wangeambiwa mtoto wa dobi..." Akaketi. Nadhani hapo ndipo na yeye alipoelewa. Miaka yote hiyo alikuwa anajiona mtu aliyejificha. Kumbe alifichwa.

Bwana Kishor akaenda kwenye simu ya ukutani, akabonyeza namba bila kuangalia. Alikuwa anampigia Lila, dada yake. Alisema Kigujarati, haraka kwanza, kisha taratibu, na mimi nilishika neno moja tu, la kumwita baba, Bapuji, Bapuji, tena na tena. Sauti ya Lila ilitoka kwenye simu mpaka sisi tukaisikia. Haikuwa maneno, ilikuwa kilio cha mtu mzima. Bwana Kishor akaegemeza paji la uso ukutani. "Miaka kumi na minne ya mwisho ya baba hatukuenda hata kumtazama," akatuambia kwa Kiswahili, bado simu iko sikioni. "Tulisema, bahili yule, acha ale pesa zake."

Alipokata simu, aliondoka akageuza kibao cha duka kikasema limefungwa. Akarudi na kiti, akakiweka mbele ya Bibi, karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

Mtu aligonga mlango wa mbele, anataka unga. Hakuna aliyeinuka. Juu ya meza ule mkono ulikuwa umeanza kufifia pembeni, na Bwana Douglas peke yake ndiye aliyekuwa anauangalia.

"Mama," akasema Bwana Kishor, "wewe ulikaa naye chumba kimoja mwaka mzima mkifanya kazi. Mimi nilikuwa nakula chaki. Niambie, baba yangu alikuwa mtu gani akifurahi?"

Bibi akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akafikiri.

"Kwanza," akasema, "alikuwa anaimba akizungusha ule usukani. Na alikuwa hajui kuimba hata kidogo."

"Hajui?"

"Mbwa wa stesheni walikuwa wanahama."

Bwana Kishor akaanza kucheka, na mabega yanatetemeka. "Endelea," akasema. "Endelea, mama. Aliimba nini?"